Bariere moja kwa gunia moja

Vita vya pili vya waasi vilipozuka, Kavuo alikuwa Kisangani akisomea uchumi, na ulikuwa umembakia mwaka mmoja tu amalize. Chuo kilifungwa kwa wiki, kisha kwa mwezi, kisha watu wakaacha kuuliza kitafunguliwa lini. Akarudi kwao Butembo jinsi alivyoweza, mahali pengine juu ya magunia ya kahawa, mahali pengi kwa miguu. Alipofika Mususa, mtaa wao, mama yake Antoinette alimwangalia viatu kabla hajamwangalia uso. Hakumuuliza habari za masomo. Alimtilia maji ya kuoga, akampikia bugali na sombe ya majani ya mihogo, na kesho yake wakaenda pamoja sokoni kuuza mafuta ya mawese na maharagwe.

Miaka ikapita namna hiyo. Baba yake, Mathe, alikuwa na kamyo ya zamani iliyobeba mizigo kati ya Butembo na Beni, na siku nyingine hadi Eringeti. Mathe alikuwa mtu wa maneno machache, lakini jioni akirudi na vumbi nyusini alipenda kumketisha Kavuo karibu, amsimulie barabara ilivyokuwa: nani amepandisha bei ya chumvi, daraja gani limelegea, wanajeshi wa bariere ipi, vile vizuizi vya barabarani, wamebadilishwa. Kavuo alisikiliza kuliko alivyodhani anasikiliza.

Kisha utawala wa waasi uliokaa Beni ukaanza kutafuta watu waliosoma mambo ya fedha. Paroko alitaja jina la Kavuo, na baada ya muda mfupi akapata meza yake katika bureau moja ya Beni yenye dirisha lisilo na kioo. Mshahara ulikuwa ahadi zaidi kuliko mshahara. Mkubwa wake aliitwa Étienne, mtu wa Kasai, aliyetumwa na Serikali kabla ya vita kwa kazi ya muda mfupi, na vita vikakata nchi kati yake na mke na watoto wake. Habari za watoto alizipata kwa redio ya parokia, sauti ikija na kupotea kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Étienne alikuwa mwimbaji wa kwaya, mpole, na shati lake lilikuwa limenyooshwa kila asubuhi, hata siku ambazo Kavuo alijua kwamba hajala.

Basi asubuhi moja Étienne alirudi kutoka kwa Kamishna Muyisa, aliyeshika mambo ya fedha, akiwa na sheria mpya mkononi, bado haijatiwa sahihi. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Kila gunia la chakula na kila bidoni ya mafuta ya mawese vitalipa kodi kwenye kila bariere ya barabara kubwa, kuanzia Butembo mpaka Eringeti. Kamishna alitaka kujua itaingiza kiasi gani, na alitaka jibu kabla baraza halijaketi wiki iliyofuata.

Étienne alichukua magari yanayopita, akayazidisha kwa magunia, akazidisha kwa bariere. Namba iliyotoka ilikuwa nene. Ingelipa askari, waganga na walimu, na bado ingebaki kitu.

Kavuo aliiangalia kwa muda. "Chef," akasema, "hii hesabu inasema batu batabakia vile beko leo. Mais takse ikipanda, batafanya kintu ingine."

Étienne hakuinua kichwa. "Minajua, mademoiselle. Na mimi nilisoma. Mais Kamishna ataniuliza: batafanya nini, na ni batu bangapi? Nikimujibu sijue, atabeba hii ya kwanza. Unipatie kintu ya kushika mu mukono."

Kavuo hakuwa nacho. Huko Kisangani walimu walikuwa wamemwonyesha jinsi kodi inavyotembea, inavyotoka kwa anayeilipa na kwenda kukaa kwa mtu mwingine kabisa, lakini mifano yao yote ilikuwa ya nchi zenye takwimu za miaka na miaka. Hapa hata idadi ya mashamba hakuna aliyeijua. Alitembea kwenda nyumbani kwa shangazi yake, alikokuwa akilala Beni, akiwa amekasirika na hajui anamkasirikia nani.

Ni sokoni, wakati ananunua makayabu ya jioni, ndipo alipokumbuka. Mwaka uliotangulia, mama yake alilalamika msimu mzima juu ya maharagwe ya Kalunguta, kijiji cha njia ya Butembo na Beni. Komanda mmoja aliyewekwa kule alijitungia kodi yake mwenyewe, kila gunia lilipe kwenye kamba aliyoivuta barabarani, bila sheria wala karatasi. Alikaa miezi kadhaa, kisha wakubwa wake wakamhamisha. Kodi ikaondoka naye. Kavuo alisimama na samaki mkononi. Kile ambacho Kamishna alitaka kukifanya barabara nzima kilikuwa kimekwisha kufanyika tayari mahali pamoja. Hakuhitaji kukisia. Alihitaji kwenda kuuliza.

Étienne alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Uende," alisema. "Mais ukiona kama kodi haikuharibu kintu, utarudia kuniambia vilevile."

"Nitakuambia, chef."

Kalunguta ilimpokea kwa mvua. Kamyo ilimshusha karibu na kijito ambacho daraja lake lilikuwa limelala upande mmoja, na alilazimika kupita juu ya magogo, viatu mkononi. Mama mmoja aliyeitwa Katungu, mkulima wa maharagwe aliyemfahamu Antoinette kwa miaka, alimkaribisha jikoni, karibu na moto, akamwekea ndizi za kuchoma. Kavuo alieleza anachotafuta. Alitegemea kusikia hasira. Katungu alicheka kidogo.

"Kumbe unafikiri tulikataa kulipa? Hapana. Mwanzo tulilipa. Ni bale ba kamyo njo hawakusimama tena. Walikuwa banapita mbio, banaenda kununua mbele, sababu hapa gunia ilikuwa imekuwa bei kali."

"Sasa maharagwe ile mulifanyia nini?"

"Tulikula." Katungu aligeuza ndizi kwa vidole. "Mwanzo ilikuwa muzuri, batoto banashiba. Kisha makuta ya kununua chumvi ikapotea, ya sabuni ikapotea. Nilikuwa na shamba mbili. Ile ya juu nilikuwa nikilipa bamama ba kilima banisaidie kulima. Nikaiacha. Na ile mbegu nilikuwa nimechunga, tukaikula pia."

Kavuo aliacha kutafuna. "Na komanda alipoondoka?"

"Aliondoka, eeh. Mais nitapanda nini? Nilikuwa sina mbegu. Nilikopa kidogo kwa dada yangu. Msimu wa kwanza nilivuna tu mbegu. Ni sasa njo minaanza kuuza tena."

Hilo Kavuo hakuwa amelisoma popote, wala hakulifikiria. Alikuwa amedhani kodi ikiondolewa mambo hurudi yalipokuwa, kama kamba inayoteremshwa barabarani na gari kupita. Hapa kodi ya miezi michache ilikuwa imekula msimu mzima mwingine baada ya yenyewe kwisha.

Katungu alimpeleka kwa Syauswa, mwenye mashine ya kusaga, mzee mwenye unga mpaka masikioni. Syauswa alisema watu walileta mihogo kidogo kidogo tu wakati ule, kwa sababu hawakuwa na pesa za kusagia; walirudi kutwanga kwa mikono. Alimwachisha kazi kijana wake mmoja. Mwalimu wa darasa la nne, ambaye wazazi ndio waliomlipa, aliondoka kwenda Butembo kutafuta kazi nyingine. Syauswa aliyasema haya bila uchungu, kama mtu anayehesabu ndugu zake.

Walipokuwa wakiagana, Katungu alishika mkono wa Kavuo na hakuuachia mara moja.

"Uwaambie bakubwa yako, hatukatai kulipa mara moja. Ile daraja ikianguka kabisa, hata bila takse tumekwisha. Wanipatie daraja, mimi nitalipa. Mais mara moja, hapana ku kila kamba."

"Nitabaambia, mama. Wasingya," Kavuo alimshukuru.

Kavuo alipitia Butembo kabla ya kurudi Beni, na huko ndiko mambo yalikuwa magumu zaidi. Habari ya kodi ilikuwa imekwisha kufika kwa wenye magari. Mathe alikuwa ameketi barazani, hajavua koti la safari.

"Binti yangu," alisema, "tumeongea na bengine benye kamyo. Wewe njo unaandika ile kintu. Uandike kama hiyo kodi itauwa Butembo. Uandike namba ya kuogopesha. Batakusadiki, ulisoma."

"Papa, itaumiza, ile nitaandika. Mais haitauwa Butembo. Nikiandika uongo na baijue, hawatasoma tena hata ile ya kweli."

"Donc, kumbe unabasaidia bao."

"Nilipita ku daraja ya Kalunguta, papa. Nilivua viatu. Nani atatengeneza ile daraja kama hakuna mutu analipa kintu? Na bale bauguzi ba hospitali, beko wanakula nini?"

Mathe alikung'uta vumbi la koti. Aliinuka, akaingia ndani. Chakula cha jioni alikula akiangalia sahani yake, na asubuhi kamyo ilipoondoka kwenda Beni haikumngoja Kavuo, ingawa alikuwa amesema atasafiri. Antoinette alimfungia viazi vya njiani kwenye kitambaa. "Baba yako hana hasira na wewe," alisema polepole. "Anaogopa. Ile kamyo njo sisi bote." Kavuo alijua. Hilo ndilo lililomfanya alie kidogo njiani, akiwa amebanwa kati ya mama wawili wenye kuku, uso ameugeuzia upande wa mashamba.

Beni, yeye na Étienne waliketi na yale aliyoyaleta. Hawakukubaliana upesi. Kavuo alikuwa ameandika kwamba wenye kamyo wote wataiacha barabara kubwa. Étienne aliweka kidole pale.

"Bataenda wapi? Upande wa Ituri kuna vita. Njia za kilima, mvua inazikata. Ku Kalunguta balipita mbio sababu mbele kulikuwa hakuna kamba. Sasa kamba itakuwa kila fasi. Wengi batabakia, mademoiselle, watalipa, na watapandisha bei. Atakayelia ni yule ananunua chumvi."

Kavuo aliukata mstari wake kwa kalamu. Étienne alikuwa amesema kweli. Alichokiona Kalunguta kilikuwa kodi ya mahali pamoja, na kodi ya mahali pote haina tabia ileile. Wakaanza upya. Magari yanayokimbia wakayapunguza. Bei itakayopanda sokoni Butembo wakaiongeza. Na wote wawili wakashangaa kuona kwamba hasara kwa ujumla ilikuwa karibu ileile, ila imehama mlango. Ilitoka kwa mwenye kamyo ikaingia kwa mama Katungu kwa upande mmoja na kwa mnunuzi wa Mususa kwa upande mwingine. Mwishoni waliweka njia mbili ubavu kwa ubavu: sheria kama ilivyo, na njia ya pili, gunia lilipe mara moja tu, mahali pamoja, na sehemu ya mapato iende barabarani. Karibu na kila namba Kavuo aliandika anaiamini kiasi gani, na pale ambapo hajui akaandika kwamba hajui.

Jina la kwanza chini ya karatasi Étienne aliandika lake.

"Chef, kazi tulifanya sote."

"Kama kutakuwa matatizo, banianze mimi," alisema. "Mimi siko na familia hapa, ile banaweza kuogopesha."

Kamishna Muyisa aliwapokea katika nyumba iliyokuwa zamani ghala la kahawa, mezani kwake simu ya satelaiti na kikombe cha chai kilichopoa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akarudi.

"Niliomba namba moja."

"Namba moja iko pale, Excellence," Étienne alisema. "Ni ya mwezi wa kwanza."

"Ni muzuri. Kwa nini basi hizi karatasi zote?"

Étienne alimwangalia Kavuo. Kavuo alisogea karibu na meza. "Sababu mwezi wa kwanza makuta itakuya mingi, Excellence. Hatukuficha ile. Mais kufika msimu wa kupanda, batu watakuwa banakula mbegu. Msimu wa pili gunia zitapunguka ku barabara. Na mukiondoa hiyo kodi, hazitarudia mara moja. Nilienda Kalunguta. Niliona."

Alimweleza habari ya komanda na kamba yake, ya shamba la juu la Katungu, ya mashine ya Syauswa. Hakupaza sauti wala hakuongeza chumvi. Muyisa alisikiliza akiwa ameegemea kiti, na Kavuo hakuweza kusoma uso wake.

"Askari bangu wanahitaji kula mwezi huu," Muyisa alisema hatimaye. "Hapana msimu wa pili."

"Minajua, Excellence."

"Unajua." Alichukua kikombe, akakiweka tena. "Mbegu walikula? Kweli?"

"Kweli."

Muyisa alikuwa mtoto wa wakulima wa upande wa Eringeti, jambo ambalo Étienne alilijua na Kavuo hakulijua. Aliichukua karatasi tena, akasoma ukurasa wa pili. Kisha akauliza maswali ya mtu anayejua barabara. Nani atashika hiyo bariere moja? Mwenye kamyo akionyesha karatasi ya malipo kwa askari wa mbele, askari asiyejua kusoma atafanya nini? Pesa za daraja zitashikwa na nani ili zisiliwe? Kwa swali la kwanza Étienne alikuwa na jibu. Kwa la pili walifikiri pale pale, wakakubaliana karatasi iwe na rangi. Kwa la tatu Kavuo alisema, "Muwaite benye kamyo. Wao njo banapita ku ile daraja kila siku. Bachague mutu wao akae pale makuta inaingilia."

"Watakubali kulipa?"

Kavuo alifikiria baraza ya nyumba yao Mususa, koti la safari, sahani ya jioni. "Sijue, Excellence. Muwaulize."

Baraza halikupitisha sheria wiki ile. Wenye magari waliitwa Beni, na kati yao alikuja Mathe, amevaa shati la Jumapili. Walibishana siku nzima. Kavuo aliketi nyuma, akiandika, na hakumwangalia baba yake zaidi ya mara chache. Alimsikia akisema, kwa sauti ile ya maneno machache, kwamba yeye hatoi hata franka moja kwa kamba ya kila askari, lakini kwa daraja la Kalunguta atatoa kabla ya mtu yeyote, kwa sababu mwaka ule alikuwa amemzika dereva mwenzake aliyetumbukia pale. Baada ya hapo mazungumzo yakaenda kwa njia nyingine.

Njia ya pili ilipita, ikiwa imekatwakatwa. Kodi ilikuwa ya juu kuliko Kavuo alivyoshauri, na bariere mbili za askari ziliendelea kudai chao kwa miezi kabla hazijaondolewa. Hesabu zake nazo hazikusimama sawa. Msimu wa kwanza mapato yalikuwa chini ya alivyoandika, kwa sababu wenye magari wengi walingoja kuona kama ahadi ya daraja ni ya kweli. Aliliandika kosa hilo wazi katika ripoti iliyofuata, na Muyisa, badala ya kukasirika, aliiomba iletwe mapema zaidi mara nyingine. Daraja lilijengwa kwa mbao ngumu na vyuma vya gari lililokufa. Magunia ya msimu uliofuata yakapita makadirio yake, na safari hii pia alikuwa amekosea, ila kwa upande wa kufurahisha.

Siku moja ya kiangazi Mathe alisimamisha kamyo mbele ya bureau ya Beni, akapiga honi. Kavuo alitoka. Baba yake alimfungulia mlango wa mbele, mahali ambapo kwa kawaida aliweka wateja wanaolipa vizuri.

"Panda," alisema. "Ninarudia Butembo. Mama yako anakuulizia."

Walipofika Kalunguta alipunguza mwendo. Maharagwe yalikuwa yameanikwa juu ya mikeka pande zote mbili za barabara, na shamba la juu la Katungu lilikuwa limelimwa. Wanawake wa kilima walikuwa wameinama ndani yake, wanne au watano. Mathe alishuka kununua magunia, akabishana bei kwa furaha, akarudi akijipangusa mikono.

"Ile karatasi yako," alisema akiwasha gari, "kama ungeandika vile nilikuomba, ile siku Muyisa angetufukuza bote."

"Pengine, papa."

"Hapana pengine." Akaingiza gia.

Nchi ilipoanza kuunganishwa tena, Étienne alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kupanda ndege kurudi kwao. Kwaya ilimwimbia uwanjani, na Kavuo alimletea maharagwe ya Kalunguta katika mfuko, zawadi ya kumpelekea mke wake, ambaye Kavuo alikuwa amemwona kwenye picha tu. Étienne alimwambia amalize masomo. Alirudi kwao Butembo akamaliza huko, akisoma asubuhi na kufanya kazi mchana. Leo wakubwa wa Beni wakitunga kodi mpya, ya mbao, ya pikipiki, ya vibanda vya soko, humwita wamuulize itaingiza kiasi gani. Yeye huomba kwanza siku chache, huvaa viatu vya matope, na kutafuta gari linaloenda upande wa watu watakaoilipa.